Pumzi ya Kwanza Eastlands: Historia ya Kuwaokoa Watoto Wachanga, Jericho hadi Pumwani

Patrick, mtoto wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alizaliwa tarehe 7 Agosti 1963, wiki tano na nusu kabla ya siku zake kutimia. Alikuwa na kilo 2.1 hivi, uzani ambao muuguzi wa leo wa hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ameuzoea. Alikimbizwa Boston, akawekwa ndani ya chumba cha chuma kilichojazwa oksijeni yenye msukumo mkubwa, akazungukwa na madaktari bingwa wa taifa tajiri kuliko yote duniani. Aliishi saa 39. Mapafu yake yalikuwa machanga mno, na tiba ya kuyasaidia ilikuwa bado haijapatikana.

Wakati huo Kenya ilikuwa imebakiza miezi minne ifikie Uhuru. Mashariki ya Nairobi, yaani Eastlands, kando ya barabara iliyoitwa Doonholm na ambayo leo ni Jogoo, familia za makarani, wafanyakazi wa reli na vibarua wa viwandani zilikuwa zikianza maisha katika mitaa mipya ya Baraza la Jiji: Maringo, Jerusalem, Ofafa Jericho, na Jericho yenyewe. Mtoto wa mitaa hiyo aliyezaliwa na maradhi makali kama ya Patrick Kennedy alikufa, na alikufa kwa sababu ileile. Mbele ya ugonjwa huu mmoja, Ikulu ya Marekani na nyumba ya kanjo zilikuwa sawa.

Leo haziko sawa hata kidogo. Mtoto wa uzani ule akizaliwa Boston, kifo chake ni jambo la nadra. Akizaliwa Eastlands, uhai wake unategemea saa aliyozaliwa, hospitali aliyofikishwa, mtungi wa oksijeni uliobaki na idadi ya wauguzi walio zamu. Makala haya yanafuata jinsi pengo hilo lilivyofunguka. Tukilifuata vizuri tutaona kwamba lina umri mdogo kuliko nyumba za Jericho. Lilijengwa hatua kwa hatua, mbele ya macho ya watu walio hai hadi leo, kwa maamuzi yanayoweza kutajwa tarehe. Lililojengwa na maamuzi linaweza kubomolewa na maamuzi.

Mji uliozaa kwa matabaka

Nairobi ya ukoloni iliwagawa wagonjwa kwa rangi, kama ilivyogawa viwanja na shule. Hospitali ya Waafrika ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya Uhuru ikawa Hospitali Kuu ya Kenyatta. Wazungu walikuwa na hospitali yao, ambayo leo ni Nairobi Hospital. Watoto wao walikuwa na Gertrude's Garden huko Muthaiga, iliyoanzishwa mwaka 1947 kwa zawadi ya Ewart Grogan kumkumbuka mkewe. Jumuiya ya Aga Khan ilifungua hospitali yake mwaka 1958. Masista wa Rehema wakafungua Mater mwaka 1962.

Mama Mwafrika wa upande wa mashariki alikuwa na mlango mmoja mkubwa: Pumwani. Nyumba ya uzazi ya huko ilianzishwa mwaka 1926 na Lady Grigg, mke wa Gavana Edward Grigg, katika mtaa ambao serikali ilikuwa imeutenga kwa Waafrika. Mwaka 1944 ikawa chini ya Baraza la Manispaa ya Nairobi, na tangu hapo hatima yake imefungamana na bajeti ya jiji. Palikuwa pia mahali pa mafunzo. Wanawake Waafrika walifundishwa ukunga wa kisasa pale, wakaupeleka mitaani na hata mashambani. Hospitali ikakua hadi kuwa miongoni mwa nyumba kubwa kabisa za uzazi katika Afrika, ikizalisha watoto kati ya 50 na 100 katika siku moja ya kawaida.

Mitaa iliyoitegemea ilikua pamoja nayo. Baada ya diwani Ambrose Ofafa kuuawa mwaka 1953, Baraza la Jiji liliipa jina lake mitaa kadhaa, Ofafa Jericho ukiwa mmojawapo. Nyumba zilikuwa ndogo, za chumba kimoja au viwili, imara na zenye mpangilio, na nafasi ya watoto kucheza katikati. Kituo cha afya cha Jericho kikawa mahali pa kliniki ya wajawazito, kupima uzani na kuchanja. Lakini uchungu ukija kabla ya wakati, au mtoto akizaliwa bila kulia, safari ilikuwa ya Pumwani. Pumwani ikishindwa, ilikuwa ya Kenyatta, upande wa pili wa jiji.

Ugonjwa wenyewe

Mapafu ya binadamu yana vifuko vya hewa visivyohesabika, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Kuta zake za ndani zina unyevunyevu, na unyevunyevu huo huzifanya zivutane na kunata, kama kuta za mfuko wa plastiki uliolowa. Mtoto aliyekomaa tumboni huzaliwa na utelezi maalumu, unaoitwa safaktanti, unaozuia kuta hizo kugandana. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya miezi yake, mara nyingi hana utelezi huo wa kutosha. Kila akitoa pumzi vifuko vinajifunga, na kila akivuta analazimika kuvifungua upya kwa nguvu zake zote. Hukoroma kila anapotoa hewa, mbavu zikiingia ndani. Baada ya saa kadhaa, au siku moja au mbili, huchoka.

Aliyeeleza jambo hili alikuwa daktari mwanamke, Mary Ellen Avery, pamoja na Jere Mead, mwaka 1959, wakifanya kazi Boston. Kwa hiyo Patrick Kennedy alikufa katika mji uleule ambako chanzo cha kifo chake kilikuwa kimegunduliwa miaka minne nyuma. Maarifa yalikuwepo, tiba haikuwepo. Nafasi kati ya hayo mawili ni ya kukumbukwa, maana Nairobi ingeishi ndani yake kwa miongo kadhaa.

Kuna watoto wengine wanaoishiwa pumzi hata kama wametimiza miezi tisa. Huyu amekaa mno njiani wakati wa kuzaliwa akakosa hewa, yule amepata maambukizi ya damu, mwingine amevuta maji machafu ya uzazi. Katika wodi za Nairobi hao pia wamekuwa wengi. Kwa baadhi yao msaada unaohitajika ni mdogo: mfuko wa mpira na barakoa, vilivyobuniwa Denmark mwaka 1956, mkono unaojua kuvitumia, na dakika ya kwanza isiyopotezwa.

Miaka thelathini iliyofungua pengo

Mwaka 1952 Copenhagen ilipigwa na polio iliyolemaza misuli ya kupumua. Daktari Bjørn Ibsen aliwatoboa wagonjwa kooni, akapitisha bomba, na kwa kuwa mashine hazikutosha, wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana usiku na mchana kukamua mifuko ya hewa kwa mikono. Vifo vikapungua sana. Wodi za wagonjwa mahututi tunazozijua leo zilizaliwa pale, na injini yake ya kwanza ilikuwa mkono wa mwanafunzi.

Katika miaka ya 1960 madaktari wa Toronto, akiwemo Maria Delivoria-Papadopoulos, walianza kuwaweka watoto wachanga kwenye mashine za kupumulia. Baadhi walipona, na hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa. Lakini mwaka 1967 William Northway wa California alieleza bei yake: mapafu ya watoto hao yalibaki na makovu kwa sababu ya msukumo wa mashine na oksijeni nyingi. Dunia ilikuwa tayari imeshajifunza, katika miaka ya 1940 na 1950, kwamba oksijeni isiyopimwa hupofusha njiti. Mashine iliyookoa iliweza pia kudhuru, na usalama wake ulitegemea nani ameishika.

Mwaka 1971 George Gregory na wenzake wa San Francisco wakapata njia ya katikati. Badala ya kumpumulia mtoto, walimwachia apumue mwenyewe huku msukumo mdogo wa hewa ukizuia vifuko vya mapafu visijifunge. Kati ya watoto 20 wa kwanza, 16 waliishi. Njia hiyo huitwa CPAP, na katika wodi zetu hutamkwa sipapu. Mwaka uliofuata Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walionyesha kwamba sindano ya steroidi, akipewa mama kabla ya kujifungua njiti, huharakisha kukomaa kwa mapafu ya mtoto. Katikati ya miaka ya 1970 Takuo Aoyagi wa Japani alibuni kifaa cha kupima oksijeni ya damu kwa mwanga, bila kutoboa ngozi. Mwaka 1980 Mjapani mwingine, Tetsuro Fujiwara, aliwapa watoto kumi safaktanti iliyotokana na mapafu ya ng'ombe, na kufikia miaka ya 1990 dawa za aina hiyo zilikuwa za kawaida katika nchi tajiri.

Tukitazama orodha hiyo tunaona kwamba si kila kilichomo kilikuwa ghali. Sindano ya steroidi ni ya bei nafuu, na msukumo wa sipapu unaweza kutolewa kwa bomba na chupa ya maji. Kilichokuwa ghali zaidi, tangu mwanzo, kilikuwa muuguzi mmoja kwa kila mtoto mmoja mahututi, akiwa macho saa 24. Nchi tajiri zilinunua mashine na zikaajiri wauguzi. Nchi maskini, zilipopata chochote, mara nyingi zilipata mashine.

Nairobi katika miaka hiyo

Si kweli kwamba Nairobi ilikaa ikingoja. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kitivo cha udaktari mwaka 1967, na kizazi cha kwanza cha madaktari wa watoto waliofunzwa nyumbani kikajitokeza. Nimrod Bwibo alikuwa miongoni mwa waasisi wa taaluma hiyo nchini. Rachel Musoke alitumia maisha yake ya kazi akichunguza na kufundisha namna ya kuwalisha na kuwatunza watoto wa uzani mdogo. Fred Were, aliyefuata nyayo zao, aliandika pamoja na Musoke kuhusu uhai wa watoto waliozaliwa Kenyatta wakiwa chini ya gramu 2,000. Mapema miaka ya 1980 Profesa J. K. G. Mati na wenzake walifanya uchunguzi mkubwa wa uzazi wa jiji zima la Nairobi, wakafuatilia maelfu ya watoto na kueleza nani anakufa na kwa nini. Maarifa ya kwetu yalikuwepo, na yaliandikwa na watu wa hapa.

Kilichokosekana ni njia ya kuyafikisha kitandani. Jiji lilipanuka upande wa mashariki hadi Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, huku nyumba kubwa ya uzazi ya umma ikibaki ileile ya Pumwani. Mwishoni mwa mwaka 1989, chini ya masharti ya mageuzi ya uchumi, serikali ilianza kuwatoza wagonjwa wa hospitali za umma. Ukimwi ukaongeza mzigo wake katika wodi hizohizo. Miaka ya 1990, dawa ya safaktanti ilipokuwa ikiokoa maelfu ng'ambo, mama wa Eastlands alikuwa akihesabu kama ana pesa za kitanda. Hapo ndipo pengo lilipopanuka, baada ya tiba kujulikana.

Katika miaka hiyo wodi ya watoto wachanga ilifundishwa kuishi na uhaba. Wawili au watatu walilazwa kwenye inkubeta moja. Aminofilini, dawa ya pumu, ilitumika kuwakumbusha njiti kupumua. Oksijeni ilitoka kwenye mitungi, na mtungi ukiisha usiku, ilikuwa kazi ya mtu kuuvuta mwingine kutoka stoo. Mashine za kupumulia zilikuwa chache hata Kenyatta, na hospitali yote ikizitegemea, daktari wa zamu alilazimika kuamua nani apande na nani asubiri. Waliofanya uamuzi huo mara kwa mara wamebeba uzito ambao taifa halijawahi kuwashukuru kwa kuubeba.

Minyororo ya mkono kwa mkono

Tuchukue safari kama inavyokuwa. Mama wa Jericho mwenye ujauzito wa wiki 30 anashikwa na uchungu usiku. Akifika kituo cha afya mapema, na mhudumu akatambua, anapewa sindano ya steroidi ya dexamethasone na kupelekwa mbele. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika Kenya na nchi nyingine nne, ulionyesha thamani ya hatua hiyo: kati ya watoto njiti ambao mama zao walipata sindano, asilimia 19.6 walifariki ndani ya siku 28. Ambao mama zao hawakuipata, asilimia 23.5. Lakini sindano inataka muda ifanye kazi. Saa mbili zilizopotea zikitafutwa teksi, au kwenye foleni ya mapokezi, zinatoka kwenye mapafu ya mtoto.

Akizaliwa, mtoto hana mafuta ya kumhifadhi joto. Akipoa, hutumia oksijeni zaidi kujipasha, na mapafu yake hayana ya ziada. Kwa hiyo mlango wa chumba cha uzazi uliofungwa, kitambaa kikavu na kofia ya sufi ni sehemu ya tiba ya kupumua. Akihamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, safari yenyewe ni hatari. Ambulensi isiyo na joto wala oksijeni inaweza kufuta kazi yote iliyofanywa kabla. Akifika wodini, muuguzi anamkagua, anamwekea oksijeni au sipapu, anamtafutia mshipa, anahesabu matone ya maziwa ya mama, anaangalia sukari, anazuia maambukizi. Mtoto mwenye kilo moja huweza kufa kwa kosa la mililita chache.

Mashine kamili ya kupumulia inakuja mwisho wa mnyororo huo. Bomba jembamba hupitishwa kooni hadi kwenye njia kuu ya hewa. Mashine husukuma pumzi iliyopimwa: kiasi gani, kwa nguvu gani, mara ngapi kwa dakika. Inataka stima isiyokatika, hewa iliyopashwa joto na kuloweshwa, vipimo vya damu vya mara kwa mara, picha za eksirei, na mtu wa kusafisha bomba lisizibe. Katika nchi tajiri muuguzi mmoja hukaa na mtoto huyo peke yake. Katika wodi za umma za Nairobi muuguzi mmoja mara nyingi huwa na watoto zaidi ya kumi. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mashine moja ileile inaweza kuwa uzima mahali pamoja na hatari mahali pengine.

Maji yanayotoa mapovu

Somo kubwa la miaka ya karibuni limetoka kwa vifaa vya chini kuliko mashine hiyo. Sipapu ya mapovu ilitumika New York tangu miaka ya 1970. Inafanya kazi hivi: neli mbili fupi laini huwekwa puani mwa mtoto, na hewa iliyochanganywa na oksijeni hupita humo bila kukatika. Bomba la kutolea hewa huzamishwa ndani ya chupa ya maji, na kina cha maji ndicho kipimo cha msukumo: sentimita tano, sita, saba. Mapovu yakionekana, muuguzi anajua hewa inamfikia mtoto. Yakikoma, kuna mahali panavuja. Mtu mmoja aliyefunzwa anaweza kuisoma kwa jicho, akiwa mbali kidogo na kitanda.

Nchini Malawi, katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, mashine ya aina hiyo ya bei nafuu, iliyobuniwa na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Houston, ilijaribiwa kwa watoto wachanga wenye shida kubwa ya kupumua. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalikuwa asilimia 71 walioishi kwa sipapu, dhidi ya asilimia 44 waliopewa oksijeni ya kawaida. Tangu mwaka 2019 mpango wa NEST360 umeziunganisha Kenya, Malawi, Nigeria na Tanzania katika kueneza vifaa hivi pamoja na mafunzo na mafundi wa kuvitengeneza.

Malawi hiyohiyo ilitoa onyo. Mwaka 2019 utafiti wa hospitali ya wilaya, safari hii kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka mitano wenye nimonia kali, ulikuta vifo asilimia 17 kwa waliowekwa kwenye sipapu na asilimia 11 kwa waliopewa oksijeni ya kawaida. Katika hospitali hiyo hapakuwa na daktari wa kuwaangalia kila siku. Watoto hao hawakuwa wachanga, na mapafu yao yana mahitaji mengine, lakini tafiti hizo mbili zikiwekwa pamoja zinasema jambo zito: kifaa ni sehemu ya wodi, na wodi dhaifu hukigeuza.

Kuna tiba nyingine isiyohitaji stima kabisa. Mwaka 1978, Bogotá nchini Kolombia, Edgar Rey Sanabria, aliyebanwa na uhaba wa inkubeta, aliwafundisha mama kuwabeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Huduma hiyo, inayoitwa ya kangaruu, imepata makao yake Pumwani na Kenyatta pia. Mwaka 2021 utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba ikianza mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla mtoto hajatengemaa, vifo hushuka kutoka asilimia 15.7 hadi 12.0. Mama zetu wamebeba watoto kifuani na mgongoni tangu jadi. Kilichobadilika ni kwamba hospitali, zilizokuwa zikimtenga mama na mtoto wake mgonjwa, zimekubali kumweka ndani ya tiba.

Milango ilipofunguka

Tarehe 1 Juni 2013 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure. Pumwani ilifurika. Upande wa mashariki zaidi, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, iliyoanza kazi mapema miaka ya 2010, ilikuwa imeanza kupunguza safari ya mama wa Umoja na Kayole, nayo ikajaa. Kitaifa mabadiliko yalikuwa makubwa. Katika uchunguzi wa idadi ya watu na afya wa 2008-09, akina mama asilimia 43 walijifungulia hospitalini. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 61, na mwaka 2022 asilimia 82.

Vifo vya watoto wachanga vilisemaje? Vilikuwa 31 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai mwaka 2008-09, vikashuka hadi 22 mwaka 2014. Kisha, kati ya 2014 na 2022, vilishuka hadi 21 tu. Lengo la dunia ni 12 ifikapo 2030. Tarakimu hizo zinasema wazi mahali tatizo lilipohamia. Zamani mtoto alikufa kwa sababu mama hakufika hospitalini. Sasa mama anafika, na mtoto anafia wodini.

Miaka hiyohiyo ilikuwa na mitihani yake. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa kwa hospitali mbili za kila kaunti, zikiwemo mashine za wagonjwa mahututi, lakini wafanyakazi wa kuvitumia hawakufuata kwa kasi hiyo. Mgomo wa madaktari ulidumu siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na mwaka huo huo wauguzi waligoma takriban miezi mitano. Septemba 2018 gavana wa Nairobi wakati huo, Mike Sonko, alizuru Pumwani ghafla, na miili 12 ya watoto wachanga ikakutwa imefungwa ndani ya maboksi na mifuko. Taifa lilishtuka, lawama zikatolewa, wakuu wakasimamishwa kazi. Huzuni ile ilistahili zaidi ya lawama. Ilistahili hesabu ya wazi ya wauguzi, oksijeni na vitanda kwa kila zamu.

Mwaka 2020 Covid-19 ililifanya jina la ventileta kuwa la kila nyumba. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walibuni mashine yao ya kupumulia, na nchi ikajivunia. Mjadala ule uliacha faida moja ya kudumu: oksijeni ilianza kuonekana kuwa dawa inayohitaji viwanda, mabomba na fundi, na si mtungi wa dharura tu. Mtoto mchanga wa Eastlands ananufaika na bomba hilo kila siku, bila kujulikana.

Urithi unaodaiwa

Jericho na majirani zake wamehifadhi kumbukumbu za muziki, mpira wa uwanja wa Camp Toyoyo na siasa za Uhuru. Historia ya uzazi haijapata nafasi hiyo, ingawa hakuna nyumba ya mtaa huo isiyoguswa nayo. Rejesta za wodi za Pumwani na Kenyatta zinastahili kutunzwa kama nyaraka za taifa. Wakunga na wauguzi waliostaafu, waliokamua mifuko ya hewa usiku kucha wakati hapakuwa na mashine, wanastahili kurekodiwa wakiwa hai, kwa majina yao wenyewe na kwa ridhaa yao. Tukiwapoteza hao, tutabaki na historia ya mashine zilizotolewa kama msaada na picha za uzinduzi.

Historia waliyoibeba inatufundisha jambo la kutenda. Kila hatua iliyopunguza vifo, Copenhagen, San Francisco, Blantyre au Pumwani, ilikuwa na mtu aliyefunzwa karibu na mtoto, mwenye muda wa kumtazama. Mashine zilizokuja kabla ya mtu huyo zilikaa pembeni zikiharibika, au zilidhuru. Kwa hiyo bunge la kaunti linapojadili fedha za Pumwani na Mama Lucy, swali la kwanza liwe hili: usiku wa leo, katika wodi ya watoto wachanga, kuna wauguzi wangapi na watoto wangapi? Jibu la swali hilo lichapishwe kila mwezi, mahali ambapo mkazi wa Jericho anaweza kulisoma. Kisha zinunuliwe mashine, kwa idadi ambayo wauguzi hao wanaweza kuisimamia.